Namna Laboratwari Inavyotambua Kama Damu Imekosa Vitamini K



Katika somo la biolojia la mwaka wa mwisho kulitoka swali moja lililoleta mabishano hata nje ya darasa, mpaka kwenye meza ya chakula. Swali ni hili: mtoto akizaliwa kwenye materniti anapigwa sindano ya vitamini K kwenye paja, hata kama haonyeshi ugonjwa wowote. Juu ya nini wasipime damu yake kwanza, na wale tu wanaokosa vitamini ndio wapigwe sindano? Wengine walisema ni desturi ya waganga tu. Wengine walisema ni kuharibu dawa bure. Mimi naona swali hilo ni la akili, na linastahili jibu la kweli, maana ndani yake kuna uzima wa watoto. Lakini hatuwezi kulijibu bila kujua kwanza laboratwari inapima nini hasa inaposema kwamba vitamini K imekosekana. Ndiyo sababu ninaandika.

Munajua kwamba damu ikitoka kwenye kidonda, kisha muda mfupi inaganda. Kazi hiyo inafanywa na protini mbalimbali ambazo waganga wanaziita fakta za kugandisha, nazo zinapewa namba za Kirumi. Zinaamshana moja kwa nyingine, kama watu wanaopashana habari toka kilima kimoja mpaka kingine, hata ile ya mwisho inageuza fibrinojeni kuwa nyuzi za fibrini. Zile nyuzi ndizo zinazoshika damu kama wavu. Fakta nne kati ya hizo, yaani ya II (ndiyo protrombini), ya VII, ya IX na ya X, zinatengenezwa na ini, na ini haliwezi kuzimaliza bila vitamini K.

Kuzimaliza maana yake nini? Wenzangu wa kemia wasikilize hapa. Ini linaunga kwanza mnyororo wote wa protini. Kisha, kwenye ncha ya mnyororo, pale penye asidi ya glutamiki, vitamini K inasaidia kuongeza karboksili moja zaidi. Sasa pale panakuwa karboksili mbili kando kando, zote zenye umeme hasi, na pamoja zinashika kalsiamu kwa nguvu. Kwa njia ya hiyo kalsiamu, fakta inakaa mahali pa kidonda na kufanya kazi. Jambo hili lilijulikana mwaka 1974. Vitamini ikikosekana, ini halisimami. Linaendelea kutoa protini zake, lakini bila ile karboksili ya pili. Ni kama jembe lisilo na mpini. Chuma kiko, ukihesabu majembe utaona hesabu imetimia, lakini shamba halilimwi. Mushike neno hili, maana mambo yote ya laboratwari yanatoka hapo: fakta inakuwapo, lakini haifanyi kazi.

Hata ile herufi K ina habari yake. Kule Kopenhagen, Denmark, kuanzia mwaka 1929, Henrik Dam alikuwa analisha vifaranga vya kuku chakula kisicho na mafuta. Alitaka kujifunza mambo ya kolesteroli. Kumbe vifaranga vikaanza kutoka damu chini ya ngozi na ndani ya nyama. Mwaka 1935 akatangaza kwamba kuna vitamini mpya, akaiita K kwa sababu ya neno Koagulation, maana yake kuganda. Mwaka 1939 Edward Doisy wa St. Louis, Marekani, alionyesha umbo lake la kemia, na wote wawili wakapewa zawadi ya Nobel ya mwaka 1943. Muone vizuri: Dam hakuona vitamini yenyewe kwa macho. Aliona damu isiyoganda. Na mpaka leo laboratwari nyingi zinaitambua kwa njia ile ile, yaani hazipimi vitamini, zinapima kazi yake.

Jaribio lenyewe lilitungwa na Armand Quick, Mmarekani, mwaka ule ule wa 1935. Kwa watu wanaosoma Kifaransa kama sisi, jina lake liko hata kwenye karatasi ya hospitali: wakati wa Quick. Linafanyika hivi. Damu inatolewa kwenye mshipa wa mkono na kutiwa katika tibu yenye sitrati ya sodiamu, sehemu 1 ya sitrati kwa sehemu 9 za damu. Sitrati inashika kalsiamu yote, na bila kalsiamu damu haigandi, inabaki maji. Kisha tibu inawekwa katika mashine ya kuzungusha kwa mbio, chembe nyekundu zinashuka chini, na juu inabaki plasma ya rangi ya manjano. Mtu wa laboratwari anachukua kidogo sana ya plasma hiyo, mililita 0.1 inatosha, anaitia joto la digrii 37 kama la mwili wetu. Halafu anaongeza mililita 0.2 za maji ya tromboplastini yaliyochanganywa na kalsiamu, na papo hapo anabonyeza saa. Tromboplastini ni kitu kinachotoka katika nyama iliyoumia. Zamani waliifanya kwa ubongo wa sungura uliokaushwa, na hata leo bado iko inayofanywa hivyo. Kwa kuitia katika plasma ni kama kuidanganya damu kwamba mwili umekatwa. Mara nyuzi za kwanza zinapoonekana, anasimamisha saa.

Kwa mtu mzima mwenye afya inakuwa karibu sekunde 12, zaidi ao pungufu kidogo, kufuatana na tromboplastini iliyotumiwa. Mtu aliyekosa vitamini K anachukua sekunde 20, 40, hata zaidi. Pale pasipo na mashine ya kuhesabu, kazi inafanywa kwa mkono: unaiinamisha tibu polepole ndani ya maji ya moto na kutazama, na unairudilia mara mbili ili kuhakikisha. Mimi naipenda njia hiyo ya mkono, maana mtu anaona kwa macho yake mwenyewe maji yanavyogeuka kuwa kitu kigumu.

Sasa, karatasi ya matokeo. Wengine wameona imeandikwa TP na namba ya asilimia, wakafikiri ni kiasi cha vitamini. Hapana. TP inalinganisha plasma ya mgonjwa na plasma ya watu wenye afya iliyopunguzwa kwa maji. Kama plasma ya mgonjwa inachukua muda ule ule kama plasma nzuri iliyopunguzwa mpaka nusu, anaandikiwa 50. Kwa watu wazima, toka 70 mpaka 100 inahesabiwa kuwa nzuri. Kando yake pengine kuna INR. Hiyo inatoka katika shida moja: tromboplastini haziko na nguvu sawa, basi sekunde za laboratwari moja hazikufanana na za nyingine. Mwaka 1983 Shirika la Afya Duniani, lile tunaloita OMS, lilikubali hesabu hii: chukua sekunde za mgonjwa, gawanya kwa sekunde za kawaida, kisha jibu lipandishe kwa namba ya nguvu iliyoandikwa kwenye chupa ya tromboplastini. Mwenye sekunde 24, kwa kawaida ya 12 na namba 1, anapata 2. Katika laboratwari yenye tromboplastini ya namba 2, mtu yule yule angepata sekunde 17 tu. Lakini 17 gawanya kwa 12, halafu mara yenyewe, ni 2 vilevile. Wanaosema hesabu za vipeo hazina faida katika maisha, waitazame hiyo. Ila INR ilitungwa kwa ajili ya wagonjwa wanaokunywa dawa za kuzuia damu kuganda, si kwa kutafuta vitamini K kwa watu wote.

Hapa ndipo wengi wanapotea. Sekunde zikiwa nyingi, je, ni lazima vitamini K imekosekana? Si lazima. Fakta zinatoka kwenye ini. Kama ini limeharibika, hata ukijaza tumbo na vitamini, kiwanda chenyewe hakifanyi kazi, na sekunde zinakuwa nyingi vilevile. Ni majembe pungufu, si mipini. Basi laboratwari inafanya namna gani ili kutenganisha mambo haya mawili?

Njia ya kwanza ni kupima fakta ya V. Ini linaitengeneza, lakini haihitaji vitamini K hata kidogo. Kama wakati wa Quick ni mrefu na fakta ya V iko sawa, ini linafanya kazi, na mashitaka yanaangukia vitamini. Kama zote zimeshuka, ini ndilo la kutazamwa. Njia ya pili ni nzuri kwa wepesi wake, na inaweza kufanyika hata pale pasipo na vyombo vingi. Kwetu watu wa Kifaransa inaitwa jaribio la Koller. Wanapima TP, wanampa mgonjwa vitamini K kwa sindano, na kwa kawaida kesho yake wanapima tena. Kama TP imepanda vizuri, vitamini ndiyo ilikosekana. Kama imebaki chini, shida iko kwenye ini. Yaani dawa yenyewe inageuka kuwa jaribio. Kwa mgonjwa mwenye manjano ya macho inasaidia sana: kama mfereji wa nyongo umezibwa na jiwe, nyongo haifiki kwenye matumbo, mafuta hayaingii mwilini, na vitamini K inayosafiri pamoja na mafuta haiingii pia. Mtu huyo anaweza kula sombe na lengalenga kila siku na bado akakosa vitamini ambayo majani mabichi yamejaa. Sindano inapita njia nyingine, TP inapanda. (Kwa wenye matumbo mazima: wale mama zetu wanaopika sombe kwa mawese wanafanya jambo jema bila kusoma kemia, kwa sababu mafuta yanaisaidia vitamini hiyo kuingia.)

Tena wakati wa Quick una uvivu fulani. Fakta zote nne hazishuki pamoja. Ya VII ndiyo yenye maisha mafupi kuliko zote. Kisha karibu saa 6 nusu yake imekwisha katika damu. Protrombini inachukua siku 2 mpaka 3. Kwa hiyo ya VII inaanguka kwanza. Lakini upungufu mdogo hauonekani kabisa, maana protrombini inaweza kupungua karibu mpaka nusu na sekunde zisigeuke. Jibu zuri la Quick linasema kwamba leo damu inaganda. Halisemi kwamba akiba ya vitamini ni nyingi.

Kwa kutafuta upungufu huo mdogo, kuna majaribio mengine, lakini hayo ni ya laboratwari kubwa. Moja linatafuta yale majembe yasiyo na mpini yenyewe. Yanaitwa PIVKA-II, maana yake ni protrombini iliyotengenezwa wakati vitamini K imekosekana. Kama yanaonekana katika damu, ini lilikosa vitamini, hata kama sekunde za Quick bado ni nzuri. Hata hivyo nalo halisemi kitu kimoja tu, kwa sababu kansa ya ini pia inaleta PIVKA-II kwa wingi, na waganga wanalitumia kwa kuitafuta. Jaribio jingine linapima vitamini yenyewe katika damu, ile inayotoka kwenye majani. Mtu angefikiri hilo ndilo bora kuliko yote. Lakini vitamini hiyo ni kidogo sana katika damu, inaharibiwa na mwanga hata tibu ni lazima ifunikwe, na zaidi ya yote inafuata chakula ulichokula jana. Inaonyesha meza ya jana kuliko akiba ya mwili. Tena ina bei.

Sasa turudi kwa watoto wachanga, maana pale ndipo tulipoanza.

Mtoto anazaliwa na akiba ndogo sana ya vitamini K, kwa sababu inapita kwa shida toka kwa mama kwenda kwake tumboni. Maziwa ya mama, ambayo kwa mambo mengine yote hayana mfano, yana vitamini hiyo kidogo tu. Tena ini lake bado ni changa: hata mtoto mwenye afya kabisa anazaliwa na fakta hizo nne karibu nusu ya zile za mtu mzima. Sasa munaona shida. Ukimpima saa ya kuzaliwa, utapata TP ya chini kwa watoto karibu wote, na namba hiyo haitakuambia ni yupi atakayetoka damu. Na yule mwenye jibu zuri leo anaweza kuwa amemaliza akiba kisha wiki tatu. Ndilo jibu la mabishano yetu. Haikosi tu pesa ya kupima. Jaribio lenyewe halina uwezo wa kuchagua. Kwa hiyo OMS inashauri kila mtoto apewe miligramu 1 ya vitamini K kwa sindano ya msuli, kisha saa ya kwanza ambayo mtoto anapaswa kuwa juu ya kifua cha mama na kuanza kunyonya. Hapo awali, mwaka 1961, waganga wa watoto wa Marekani walikuwa wamekwisha kushauri watoto wote wapewe vitamini hiyo. Mwaka 1992 huko Uingereza ulitoka uchunguzi uliotia watu wasiwasi kwamba sindano hiyo inaleta kansa kwa watoto. Chunguzi kubwa zilizofuata hazikuthibitisha jambo hilo.

Asiyepigwa sindano si lazima atoke damu, wengi hawatoki. Lakini wanaotoka, wanatoka kwa namna tatu. Wengine siku ya kwanza, mara nyingi kwa sababu mama alikuwa anakunywa dawa fulani, kama zile za kifafa ao za kifua kikuu. Wengine kati ya siku ya 2 na ya 7, kwenye kitovu, puani, tumboni. Na wengine toka wiki ya 2 mpaka mwezi wa 6, zaidi sana watoto wanaonyonya tu, na hiyo ndiyo mbaya kuliko zote, maana mara nyingi damu inatoka ndani ya kichwa. Mara kwa mara kabla ya hapo kunakuwa alama ndogo: kitovu kinavuja, pua inatoa tone, ngozi ina doa la buluu bila kuanguka, ao manjano yanakaa sana na mavi ni meupe. Mama akiona alama hiyo aende hospitali siku ile ile. Na kule hospitali, mtoto anayetoka damu hangojei karatasi ya laboratwari. Damu inatolewa kwa kupima, vitamini K inapigwa mara moja, na jaribio la pili kisha saa chache litasema kama ndiyo ilikosekana.

Kuna jaribio jingine dogo la kemia ambalo wenzangu watalipenda. Mtoto wa siku mbili anatapika damu. Je, ni damu yake, ao ameimeza ya mama wakati wa kuzaliwa ao kwenye chuchu yenye kidonda? Mwaka 1955 Leonard Apt alionyesha njia: changanya matapishi na maji mpaka yawe mekundu kidogo, zungusha katika mashine, chukua maji ya juu, tia soda kostiki ya asilimia 1, ngoja dakika 2. Damu ya mtu mzima inageuka manjano-kahawia. Ya mtoto mchanga inabaki nyekundu hafifu, kwa sababu hemoglobini yake inavumilia soda. Kwa njia hiyo pengine mtoto anaokolewa na hofu ya bure.

Na pale pasipo na tromboplastini, wala mashine, wala umeme? Kuna jaribio la dakika 20, linalojulikana zaidi kwa walioumwa na nyoka. Mililita 2 za damu mpya ndani ya tibu ya kioo iliyo safi na kavu, isiyooshwa kwa sabuni. Unaiacha bila kuigusa dakika 20, kisha unaiinamisha. Kama damu bado inatiririka, kugandisha kumeharibika sana. Halisemi kama ni vitamini, ini ao sumu, na upungufu wa kadiri unalipita bila kuonekana. Tibu ya plastiki haifai, kioo ndicho kinachoamsha damu.

Hata jaribio zuri linaharibika mwanzoni, wakati wa kutoa damu. Tibu ya sitrati isipojazwa mpaka alama, sitrati inazidi damu, na sekunde zinaongezeka kwa uongo. Ikiwa na bonge ndani, itupwe. Ikitiwa ndani ya firigo ili ihifadhiwe, fakta ya VII inaamshwa na baridi na sekunde zinapungua kwa uongo.

Neno moja bado, la sumu ya panya, maana iko katika nyumba nyingi na watoto wadogo wanaokota kila kitu. Sumu nyingi za namna hiyo zina asili moja. Katika miaka ya 1920 ng'ombe wa Amerika ya Kaskazini walikuwa wanakufa kwa kutoka damu kisha kula majani makavu ya malisho yaliyooza. Mwaka 1933 mkulima mmoja wa Wisconsin aliendesha gari katika theluji akampelekea Karl Paul Link ng'ombe aliyekufa, na debe la maziwa lililojaa damu isiyoganda. Mwaka 1939 kikundi cha Link kikapata sumu yenyewe, dikumaroli, na ndugu yake warfarini ikaanza kuuzwa kwa kuua panya mwaka 1948. Hizo zote zinalizuia ini kuitumia tena vitamini K iliyokwisha kutumika. Kwa laboratwari picha ni ile ile: Quick ndefu, fakta ya V nzuri. Lakini fakta zilizotengenezwa jana bado zinatembea katika damu, kwa hiyo mtoto aliyemeza sumu asubuhi atapimwa jioni, na jibu litakuwa zuri, na wazazi watafurahi. Apelekwe hospitali siku ile ile, hata kama anacheza. Na hata kama jibu la kwanza ni zuri, damu yake ipimwe tena kisha saa 48.

Kapita wa wanafunzi, mwaka wa mwisho, Kemia-Biolojia